Beri za Sungura, Krambo na Matunda Tuliyoyasahau

Mtoto akisoma hadithi husoma kwa macho na kwa tumbo. Atasahau jina la mfalme, atasahau safari ilianzia wapi, lakini walichokula hakisahau. Kwa hiyo sioni ajabu ninapowasikia kina mama wa Mombasa na Malindi wakilalamika kwamba binti karudi kutoka shuleni na kitabu cha Kiingereza mkononi, anataka apikiwe matunda ya sungura. Mama mmoja humkemea na kumwambia mambo hayo ni ya Wazungu. Mwingine hukimbilia duka kubwa akanunua pakiti ndogo ya beri zilizogandishwa, kwa fedha ambazo zingemnunulia kuku. Mimi naona anayekemea na anayekimbilia dukani wote wawili wameliacha jambo lenyewe, na nawaomba wasomaji waniwie radhi nikilizungumza kwa urefu kidogo, maana ndani ya bakuli hilo la matunda mna habari kubwa kuliko upishi.

Sungura anayetajwa ni yule wa Bibi Beatrix Potter, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1866. Mwaka 1893 alimwandikia barua mtoto mgonjwa, mwana wa mwalimu wake wa zamani, na kwa kuwa hakujua ampe habari gani, akamtungia kisa cha sungura wadogo wanne na kukitilia picha. Barua hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kitabu. Wachapishaji walikikataa kwanza, naye akajichapishia nakala 250 mwishoni mwa mwaka 1901. Mwaka 1902 kampuni ya Frederick Warne ikakitoa, na tangu hapo hakijaacha kusomwa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mama sungura anawaonya wanawe wasiingie katika bustani ya Bwana McGregor, ambako baba yao aliishia ndani ya pai. Mabinti watatu wanatii, wanakwenda zao njiani kuchuma beri nyeusi. Peter, kijana wa kiume, anaingia bustanini, anakula mboga za watu, anafukuzwa, anapoteza koti na viatu. Jioni anarudi hoi, analazwa na kunyweshwa chai ya kamomili, na dada zake wanakula mkate, maziwa na zile beri. Basi. Hakuna karamu wala harusi ya mwana wa mfalme. Hata hivyo, muulize mtu mzima aliyekisoma utotoni, atakutajia zile beri kabla ya kukutajia koti. (Sungura wetu wa Pwani, kwa tunavyomjua, angerudi na mboga za McGregor na beri za dada zake pia, tena koti likiwa mwilini.)

Na beri nyeusi ni kitu gani? Ni tunda la mwibani. Linaota lenyewe kandokando ya njia, katika nyua za mashamba na kwenye viwanja vilivyoachwa. Mkulima wa Kiingereza huuhesabu mmea wake kuwa gugu, kwa maana ukiuacha miaka michache huwezi kupita. Huiva Agosti na Septemba, na kwa desturi ya huko mpita njia huchuma za barabarani bila kumlipa mtu. Wazee wao walikuwa na itikadi kwamba baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba, zisichumwe tena kwa kuwa shetani amezitemea mate. Ukweli ni kwamba kufikia siku hizo mvua na baridi zimekwisha kuzilegeza. Kwa ufupi, ni tunda la maskini, na hakuna aliyelipanda ili ajivunie. Heshima liliyo nayo limepewa na kalamu.

Kalamu hiyo haikukoma kwa Bibi Potter. Mwaka 1980 Jill Barklem alitoa vitabu vinne, kimoja kwa kila majira ya mwaka, juu ya panya wanaoishi ndani ya ua wa miiba uitwao Brambly Hedge. Kabla ya kuvitoa alitumia miaka akichunguza mimea, desturi na mapishi ya mashambani, na ghala la panya hao limechorwa likiwa na mitungi na makapu ya vyakula ambavyo mtu angeweza kuvitengeneza kweli. Mtoto akifunga kitabu namna hiyo, huenda moja kwa moja jikoni. Na kule kwao, akifika jikoni, kitu anachoweza kukipika bila kuwasumbua wakubwa ni krambo.

Jina hilo lisiwatishe wasomaji, wala halina udugu na makombo. Krambo ni matunda yaliyotiwa sukari, yakafunikwa kwa chenga za unga, siagi na sukari, yakaokwa mpaka juu pakauke na chini patokote. Ilienea Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili. Januari 1940 serikali ilianza kugawa vyakula kwa kadi, siagi na sukari zikiwa miongoni mwa vya kwanza. Kwa muda mrefu fungu la siagi la mtu mzima lilikuwa wakia mbili kwa juma, yaani kama gramu 57. Kwa kipimo hicho pai haikandwi kila siku. Chenga hutaka mafuta machache kuliko pai, hazisukumwi wala hazikatwi, na siagi ikipungua huchanganywa na majarini. Mgawo huo haukuisha kabisa ila Julai 1954.

La ajabu ni kwamba katika miaka hiyo hiyo ya njaa, mwaka 1942, Enid Blyton alianza vile vitabu vyake vya watoto wanne na mbwa wao, ambavyo wengi wetu tulivikuta katika maktaba za shule. Vimejaa keki, mayai ya kuchemsha, na vipande vya nyama ya nguruwe ambavyo sisi tuliviruka kwa macho tukasoma mbele. Waliovisoma kwanza kule Uingereza walikuwa watoto ambao mama zao walipanga foleni na kadi mkononi. Hadithi iliwalisha kile ambacho sahani haikuwa nacho. Mwenzake C. S. Lewis, mwaka 1950, sukari ikiwa bado kwa mgawo, alimfanya kijana auze ndugu zake kwa kisanduku cha halua ya Kituruki. Mtoto wa Lamu hahitaji kuelezwa kishawishi hicho.

Basi krambo ni chakula cha shida, na watu waliokuwa na shida walikifanya kiwe kitamu. Kwa sababu hiyo nasema mtoto wa Pwani akiitamani apikiwe, tena apike mwenyewe. Mwanamke wa kwetu hana kubwa la kufundishwa hapo. Anayejua vileja amekwisha kujua nusu ya kazi, kwa kuwa ni ule ule mkono unaofikicha unga na samli mpaka ushikane kwa shida, ukatike ukifika ulimini.

Kipimo ni hiki. Unga wa ngano gramu 200, siagi gramu 100, sukari gramu 100. Siagi iwe baridi kweli, na hapa ndipo joto letu linapoharibu kazi za watu: ikiyeyuka mikononi hupati chenga, unapata donge. Iache ndani ya friji mpaka dakika ya mwisho, ikate vipande vidogo, kisha ifikiche pamoja na unga kwa ncha za vidole, ukiinua juu na kuachilia, mpaka ifanane na mchele chenga. Hapo tia sukari na chumvi kidogo. Usitie maji, usikande. Mtoto wa miaka saba aliyenawa mikono huifanya kazi hii vizuri kuliko mtu mzima, kwa sababu vidole vyake ni vidogo na hana haraka.

Matunda yawe kama gramu 600, yakorogwe na vijiko viwili au vitatu vya sukari, kijiko kimoja cha unga ili maji yake yapate uzito, na maji ya nusu ndimu. Yatandaze katika bakuli la kuokea, mwaga chenga juu yake, wala usizishindilie. Oveni iwe nyuzi 180, kwa dakika 35 hadi 40, mpaka uone wekundu wa matunda ukitokota pembezoni. Asiye na oveni asikate tamaa. Bibi zetu wameoka mkate wa mayai miaka mingi kwa sufuria nzito juu ya makaa machache, bati likafunikwa, na makaa mengi yakapaliwa juu ya bati. Krambo hupenda sana namna hiyo, kwa sababu chenga zinataka moto wa juu, na matunda yenyewe hayana haja ya moto mkali chini.

Niseme na la dini, maana najua litaulizwa. Pai za Kiingereza za mtindo wa zamani mara nyingi zilikandwa kwa mafuta ya nguruwe, kwa hiyo mama anayeuliza kabla ya kumlisha mwanawe pai ya hotelini hafanyi udhia, anafanya wajibu wake. Krambo ya siagi, ukiipika mwenyewe, haina shaka hiyo. Vanila ya maji ya chupa kwa kawaida imeyeyushwa katika alkoholi, nawe unayo iliki, basi ya nini? Tia iliki iliyopondwa katika chenga, na kama unapenda, mdalasini kidogo. Waingereza huimiminia kastadi juu. Unga wa kastadi usio na mayai ulibuniwa mjini Birmingham mwaka 1837 na Alfred Bird, kwa ajili ya mkewe ambaye mayai yalimdhuru, nao umekwisha kuwa mwenyeji katika meza zetu za Ramadhani. Mimi binafsi napenda tui zito la nazi lililotiwa sukari na chumvi kidogo, lakini hilo ni la mtu na ulimi wake.

Lililobaki ni tunda, na hapa ndipo nilipotaka kufika. Beri nyeusi hazipendi joto letu la Pwani. Ukizitafuta dukani utazilipia barafu, ndege na duka lenyewe, wakati kule kwao sungura alizichuma bure. Kumpikia mtoto kwa beri za bei hiyo ni kulipindua jambo lote. Kama tunataka kumwiga yule sungura, tutoke njiani tuchume.

Forosadi ndiyo ndugu wa beri kwa sura. Ni nyeusi, ina vijichembe vile vile vya maji, nayo hupaka mikono na kanzu rangi isiyotoka. Mforosadi haumsumbui mtu, kwa kuwa tawi lililochomekwa katika ardhi yenye maji hushika. Krambo ya forosadi, mwenye kuionja haulizi tena habari za beri. Zambarau nayo inafaa, ila ina kazi. Kwanza uitoe kokwa kwa kisu. Pili ina ule ukakasi unaokausha ulimi, na dawa yake watoto wetu wanaijua: itiwe chumvi, itikiswe ndani ya bakuli lililofunikwa, ikae kidogo, kisha imwagwe maji yake. Hapo sukari iongezwe kijiko kimoja. Mzambarau ni mgeni aliyetoka Bara Hindi, lakini umekaa kwetu muda wa kutosha kuhesabiwa mwenyeji. Kunazi sishauri, ni kavu mno na nyama yake ni chache, tuile kama tulivyoila siku zote, kwa kutema kokwa ukutani.

Nimetaja matunda matatu. Sasa nauliza: mtoto wa leo wa Kisauni au Majengo ameyala? Siulizi kama anayajua kwa jina. Nimemwona kijana wa darasa la tano akieleza vizuri kwa Kiingereza beri huiva mwezi gani huko Uingereza, naye amesimama chini ya mzambarau, viatu vyake vimejaa rangi ya zambarau zilizoanguka, asiokote hata moja kwa kuwa ameambiwa ni uchafu. Mti wenyewe baadaye ulikatwa, kiwanja kikajengwa ghorofa. Simlaumu mwenye kiwanja peke yake. Mti usiolilia mtu hukatwa bila majadiliano. Kule Uingereza Bibi Potter alinunua mashamba kwa fedha za vitabu vyake, na alipofariki mwaka 1943 aliiachia jumuiya ya kuhifadhi mali ya taifa ekari zaidi ya 4,000. Nyua za miiba za sungura wake zilipata wa kuzilinda kwa sababu kizazi baada ya kizazi kilikuwa kimezipenda tangu utotoni, kikiwa bado hakijui kusoma.

Wako watakaosema sisi hatuna hadithi za namna hiyo. Si kweli, na ushahidi upo katika maandishi. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London hadithi alizoandikiwa na kusimuliwa Unguja, na humo mna kisa cha kima na papa. Watu wote wanakikumbuka kwa ule moyo ambao kima alidai ameuacha nyumbani. Wachache wanakumbuka urafiki wao ulianzaje. Ulianza kwa tunda! Kima alikaa juu ya mkuyu uliotanda juu ya maji, akala kuyu, akamrushia papa naye ale, siku baada ya siku. Bila kuyu hakuna urafiki, bila urafiki hakuna hila, na hadithi yote haipo. Sisi tumebaki na hila, tunda tumelitupa.

Au tumchukue Mkaa Jikoni, ambaye hadithi yake ilichapishwa na George Bateman huko Chicago mwaka 1901, katika kitabu cha hadithi alizozisikia Unguja. Sultani ana mtende mmoja anaoupenda, na kila tende zinapoiva ndege anakuja kuzila zote. Wana wakubwa wanapelekwa kulinda, wanalala. Yule mdogo, aliyedharauliwa kwa sababu hukaa jikoni, ndiye anayekesha na kumkamata ndege. Hebu nionyesheni kitabu cha Kiingereza chenye mtoto wa jikoni shujaa kuliko huyo. Krambo ya tende ingekuwa haki yake kabisa, nayo si ngumu: tende gramu 400 zitolewe kokwa, ziloweshwe katika maji ya ukwaju yaliyochujwa, kiasi cha kikombe kimoja, mpaka zilegee. Ukwaju unaukata utamu uliozidi. Katika matunda usitie sukari hata kidogo, na ile ya chenga punguza iwe nusu.

Tena tusijifanye mti wa matunda ni jambo la watoto tu. Mkunazi umetajwa katika Qurani; Surat Waqia inawaahidi watu wa kuliani mikunazi isiyo na miiba. Majani yake tunayajua sote, kwa kuwa ndiyo tunayowaoshea maiti wetu. Naogopa tunakaribia siku ambapo mtoto wa Kiislamu wa Pwani ataukutana mkunazi kwa mara ya kwanza msibani, awe hajapata kuonja tunda lake akiwa hai na mzima, na fundi wa kuosha awe amenunua majani makavu katika mfuko wa plastiki uliotoka ng'ambo kwa sababu mtaani haupo tena.

Nimeambiwa kwamba haya ni mazungumzo ya wazee, na kwamba mtoto anayepika krambo ya Kiingereza amekwisha kuuacha utamaduni wake. Siafiki. Pilau ilikuja, chapati ilikuja, kastadi ilikuja, na hakuna aliyeacha sala kwa kuila. Mtoto asome habari za Peter, acheke, afikiche unga, apake forosadi mpaka kwenye masikio. Anachonyimwa ni kitabu cha pili cha kuweka kando ya hicho, chenye kima, papa na kuyu, kilichoandikwa kwa Kiswahili kizuri na kuchorwa na mtu aliyewahi kupanda mti.

Hilo la kuchora nalisema kwa makusudi. Nimewahi kushika kitabu cha watoto chenye kisa hicho, kimechapishwa papa hapa nchini, kwa karatasi nzuri na rangi za kupendeza. Kima amekaa juu ya mti, papa ametoa kichwa majini, na tunda linaloruka baina yao ni jekundu, la mviringo, lina kijiti na jani moja juu, tofaa kamili la kutoka Ulaya. Kuyu haziko hivyo. Hushikana vichala kwenye shina na matawi manene, ndogo, za rangi ya chungwa iliyochujuka zikiiva, na ukiipasua moja huna budi kuipuliza kwanza utoe wadudu. Mchoraji angekwenda kuutazama mkuyu mmoja tu, angeyaona yote hayo kwa nusu saa.